Mwalimu Aliyewanyamazisha Watu Wazima

Mke wangu hapigi kelele. Nasema mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba aliwanyamazisha watu mia mbili na kumi na nne kwa mara moja, wanamfikiria mwanamke mwenye kifua kipana na mikono kiunoni. Wapi. Sauti yake ni ya chini, ya taratibu, na ukiisikia unaacha ulichokuwa unafanya ili usipitwe na neno. Ameipata kazini, maana ana miaka kumi na mmoja anafundisha chekechea. Mimi ni mumewe, natengeneza simu, na mwenye domo nyumbani kwetu ni mimi.

Mtaa mzima unamwita Mwalimu, na mimi nimo humo humo. Yeye ananiita Fundi kama wateja wangu wanavyoniita, ila simu yake ina kioo kilichopasuka huu mwaka wa pili, na kila siku namwambia nitakibadilisha kesho.

Darasa lake ni chumba kimoja katika jengo la mtaa. Ukiingia, unakutana na kamba iliyofungwa kutoka ukuta huu hadi ule, kwenye usawa wa kiuno changu, na michoro ya watoto imening'inizwa kwa vibanio vya nguo. Usawa wa kiuno changu ndio usawa wa macho yao. Kuna mabenchi sita mafupi, ndoo mbili za maji zenye vifuniko, sanduku la vizibo vya chupa vilivyooshwa, sanduku la vifungo vya nguo na sanduku la mawe laini. Mtu mzima akichungulia humo anaona takataka zilizopangwa vizuri. Mimi mwenyewe nilikuwa naona hivyo, na nilishawahi kusema, na nililipata jibu langu.

Msaidizi wake ni mama yangu mzazi. Mama aliuza mkaa sokoni karibu maisha yake yote, akaacha, akakaa nyumbani wiki mbili, akaanza kunigombeza hata ninavyokunywa maji. Mwalimu akamwomba aje amshikie darasa siku moja. Hiyo siku moja sasa ina mwaka wa nne. Watoto wanamwita Bibi, na yeye hamwogopi mzazi yeyote.

Sasa, mwanzoni mwa mwezi ule ikaja barua kutoka kwa Mwenyekiti wa mtaa. Ilikuwa na mistari minne na mihuri miwili. Ilisema kwamba chumba kina watoto tisa tu, na kwamba kamati inakihitaji kwa ajili ya kuhifadhia viti na mahema. Kama hadi Ijumaa ya mwisho wa mwezi hapatakuwa na watoto ishirini walioandikishwa, Mwalimu akabidhi ufunguo. Tulikuwa na wiki tatu.

Kilichowapunguza watoto tulikijua. Wenye uwezo walihamia kwenye shule yenye basi la rangi na sare yenye tai. Wengine walisema mtoto wa miaka minne anakwenda darasani kucheza tu, na kucheza anaweza kuchezea uani. Muuza nyama, ambaye duka lake limepakana na langu, aliniambia hivyo bila kupepesa macho. Wakati huo binti yake mdogo alikuwa amekaa chini ya meza ya duka, simu mkononi, hana habari na yeyote.

Jioni ile nilimkuta Mwalimu amekaa kwenye benchi la watoto, magoti yamemfika kifuani, anaitazama ile kamba. Aliniambia kwamba akifungiwa chumba hiki hataanza tena mahali pengine. Alisema nguvu ya kuanza alikuwa nayo mara moja, na aliitumia yote hapa. Alikuwa hajawahi kuniambia neno kama hilo tangu tuoane. Nilishikwa na uchungu, na mimi nikishikwa na uchungu lazima nifanye jambo, hata kama silijui.

Nikamwambia aniachie mimi, siku hizi mambo yote ni mtandaoni. Mtu anayefungua simu ishirini kwa siku ni rahisi kuamini kwamba anajua kilicho vichwani mwa wenye simu. Nilifungua ukurasa wa darasa, nikaupamba. Nilitafuta picha ya watoto waliovaa majoho na kofia za mahafali, wanaruka juu, meno nje, watoto wa wapi sijui. Juu yake nikaandika kwa herufi za dhahabu kwamba elimu ya awali ni ufunguo wa kesho. Nikaweka na muziki. Nikakaa dukani kila dakika naichungulia simu, na alama za kupenda zikaanza kumiminika. Siku ya tatu zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Kichwa kilinivimba, siwezi kukataa.

Nilipeleka habari hiyo nyumbani nikitembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Mwalimu alikuwa anakunja nguo. Aliniuliza swali moja.

"Fundi, hao mia tatu na kumi na mbili, wangapi wana mtoto mdogo na wanaweza kufika hapa kwa miguu?"

Nikakaa chini nikaanza kuwachambua. Wa kufika kwa miguu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Mama, ambaye nilimfungulia akaunti mwenyewe na nikampendea mwenyewe. Wa pili alikuwa jirani yetu Seremala, ambaye mtoto wake mdogo ana ndevu. Waliobaki walikuwa watu wa mbali waliokuwa wananivisha kilemba cha ukoka, na mmoja aliuliza kama zile kofia tunauza. Mwalimu hakunicheka. Alisema tu, "Sawa, Fundi," akaendelea na nguo zake, na hiyo sawa ilinikata maini kuliko matusi. Wiki ya kwanza ilikuwa imekwisha.

Wakati huo huo mtaa ulikuwa unawaka moto kwa jambo lingine. Tuna kundi la wasapu la mtaa, watu mia mbili na kumi na nne, na kwa siku nne walikuwa wanagombana kuhusu mtaro. Mtu fulani alikuwa amemwaga maji machafu yakaingia kwa jirani. Mama wa saluni alisema ni Seremala. Seremala alisema ni watu wa saluni wenyewe na mapovu yao. Wengine wakaingia kati kusuluhisha, na wao wakaanza kugombana. Mwenyekiti naye aliandika kwa herufi kubwa tupu. Simu zilikuwa zinalia hadi wateja wangu wakaniomba niwafundishe kuzizima milio.

Jumatatu ya wiki ya pili Mwalimu alikwenda ofisi ya elimu kufuata fomu, akamwachia Mama darasa. Saa nne hivi, akiwa kwenye korido amepanga foleni, Mama akampigia. Watoto walikuwa wamepanda mori. Wawili walikuwa wamemwagiana maji ya ndoo, mkeka umelowa, mmoja analia, wengine wanaruka juu ya mabenchi, na Mama sauti imemkauka. Mwalimu akamwambia akate simu, atamtumia ujumbe wa sauti, awafungulie watoto wausikilize kwa sauti ya juu. Ni jambo walilokuwa wamelizoea, na lilikuwa linafanya kazi.

Akarekodi, akatuma. Ila alituma kwenye mazungumzo ya kwanza aliyoyaona juu kabisa ya simu yake yenye ufa, na juu kabisa, kwa siku nne zile, hakuwa Mama. Lilikuwa kundi la mtaa.

Mimi nilikuwa dukani, nimeshika bisibisi. Muuza nyama alikuwa amelifungua kundi kwa sauti ili afuatilie ugomvi huku anakata nyama. Ghafla nikamsikia mke wangu.

"Nasikia kelele. Sijui ni nani anayepiga, na wala sitaki kujua. Kila mmoja akae chini mahali pake. Mikono juu ya mapaja. Aliyemwaga maji atamwomba mwenzake msamaha, halafu atachukua kitambaa atafuta. Haya, tuvute pumzi pamoja, polepole, tutoe. Mkitulia vizuri, nina kazi nzuri sana ya kuwapa."

Muuza nyama alikuwa ameliweka kisu chini. Hakuna aliyemwambia aliweke. Mimi nilitoka nje, na ninaapa mtaa ulikuwa umetulia. Nilitazama simu yangu. Kundi ambalo lilikuwa halipumui lilikaa dakika kumi na moja bila mtu kuandika hata herufi. Dakika ya kumi na mbili Seremala akaandika kwamba anamwomba radhi mama wa saluni, maji yale alimwaga yeye, na anakuja na fagio. Mama wa saluni akaandika kwamba yamekwisha. Halafu mtu mmoja, ambaye mpaka leo simjui, akaandika: "Mwalimu, tumetulia. Hiyo kazi nzuri ni ipi?"

Hapo ndipo watu walipoangua kicheko. Nilicheka mpaka nikakosa mbavu, nimeegemea mlango wa duka. Ule ujumbe ukaanza kusambazwa. Mchana uleule ulikuwa kwenye kundi la mtaa wa pili, kwenye kundi la wauza mboga, kwenye kundi la familia moja iliyokuwa na kesi ya shamba. Watu walikuwa wanauliza huyu mwalimu ni wa wapi, na kwa mara ya kwanza swali hilo liliulizwa na watu wanaoweza kufika kwa miguu.

Mwenyewe alirudi akiwa hana hata damu usoni. Alikuwa ameona njiani, na kufuta alishindwa. Alikaa, akashika tama, akasema amewavunjia heshima watu wazima, na Mwenyekiti yumo, na Ijumaa ile ya mwisho sasa hata isingesubiriwa. Alitaka nimtoe kwenye kundi palepale. Nikafungua mdomo nimweleze jinsi ulimwengu unavyompenda, lakini Mama akaniwahi. Mama alimwambia kwamba watu wameomba kazi, na kwamba katika miaka yake yote hajaona mtu mzima anaomba kazi halafu mwalimu anajificha.

 Nikamwona Mwalimu anageuza jambo kichwani. Kisha akaichukua simu, akatoka nje, akarekodi ujumbe wa dakika moja, na safari hii aliutuma mahali pale kwa makusudi. Alianza kwa kuomba radhi. Halafu akawapa kazi. Kila mwenye mtoto mdogo nyumbani achukue vizibo kumi vya chupa, akae naye chini, amwambie avipange vinavyopatana, kisha amuulize kwa nini vinapatana. Baada ya hapo mzazi anyamaze. Asisahihishe, asisaidie, asimalizie sentensi. Amsikilize mtoto mpaka amalize, na jioni amwandikie Mwalimu alichosema mtoto.

Mimi nilikuwa na shaka. Nilitegemea majibu matatu, na moja ningeliandika mimi. Yalikuja hamsini na sita. Mama mmoja aliandika kwamba mtoto wake amepanga vizibo vilivyokunjwa upande mmoja kwa sababu hao ni wazee. Mwingine alisema wa kwake ametenga kizibo kimoja peke yake, na alipoulizwa akasema hicho ni mgeni, bado hajazoea. Seremala, ambaye hana mtoto mdogo, aliazima wa jirani. Lakini muuza nyama ndiye aliyenimaliza. Alikuja dukani kwangu, aproni bado ina damu, akaniambia binti yake amevigawa vizibo mafungu mawili. Fungu moja ni walioshiba na fungu la pili ni wenye njaa, kisha akachukua mmoja wa walioshiba akampeleka kwa wenye njaa, eti akawasalimie. Alinieleza mara mbili. Alisema hakujua kwamba mtoto huyu anafikiri vitu namna hiyo. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri kosa.

Nilikimbia nyumbani. Nilimwambia Mwalimu kwamba sasa nimeelewa kitu cha kuweka kwenye ule ukurasa. Wale watoto wa majoho niliwafuta na muziki wao. Yeye akaniwekea masharti: hakuna uso wa mtoto, hakuna jina, na hakuna neno linalowekwa bila ruhusa ya mzazi. Basi nikawa naweka picha ya vizibo vyenyewe jinsi mtoto alivyovipanga, na chini yake maneno ya mtoto, bila kuongeza chumvi. Alama za kupenda hazikufika mia tatu. Lakini kila aliyependa alikuwa anauliza kazi ya kesho ni ipi.

Na kazi zilikuja, kila siku saa kumi, dakika moja. Siku moja vifungo, siku nyingine sauti: kaa na mtoto mlangoni, fumbeni macho, mtoto ataje anachosikia. Ile ya kivuli sitaisahau. Mwalimu aliwaambia wazazi wamsimamishe mtoto juani, wachore kivuli chake chini kwa chaki au mkaa, warudi baada ya saa nzima wasimame palepale, wamuulize mtoto nani amekihamisha. Jamani, nilifunga duka kwenda kuona. Barabara nzima, kutoka saluni hadi kwa Seremala, watu wazima walikuwa wamepiga magoti wanachora chini. Wapita njia walikuwa wanaruka ili wasikanyage vivuli vya watoto wa watu. Muuza nyama alikuwa anabishana na binti yake kwamba ni jua limesogea, na binti anamwambia hapana, baba, ni ardhi, na baba mtu akanigeukia ili nimsaidie, na mimi nilijitia hamnazo.  Nilijua tumeshinda.

Hatukuwa tumeshinda. Jumatano ya wiki ya mwisho Mwalimu alifungua daftari, akahesabu. Watoto walikuwa kumi na wanne. Watu walikuwa wanazipenda kazi za saa kumi, wanazisubiri, wanazituma kwa shangazi zao, na walikuwa wanawabakisha watoto nyumbani vilevile. Siku hiyohiyo Mwenyekiti aliandika kwenye kundi, kwa herufi za kawaida na kwa upole, jambo lililoniogopesha zaidi. Alimpongeza Mwalimu. Alisema amefungua ukurasa mpya, na kwamba kwa kuwa sasa watoto wanafundishwa kwa simu wakiwa kwao, bila shaka hata Mwalimu mwenyewe anaona kwamba chumba si lazima. Watu kumi na watano waliunga mkono.

Nilichemka. Niliandika jibu refu lililomtaja Mwenyekiti, viti vyake na mahema yake. Mwalimu aliichukua simu mkononi mwangu kabla sijatuma, akaifuta barua yangu yote neno kwa neno, akasema, "Ana haki ya kuuliza. Mimi ndiye sijamjibu." Alikuwa ametulia kabisa. Nilitamani nami nijue anajua nini.

Alhamisi saa kumi ujumbe wake ulikuwa mfupi kuliko yote. Alisema kazi ya leo haifanyiki nyumbani. Inahitaji shuka moja kubwa, mpira mmoja na watoto wanane ambao si ndugu. Mwenye mtoto amlete darasani, na yeye mwenyewe abaki dirishani atazame.

Walikuja wengi kuliko nilivyotegemea, na madirisha yalijaa vichwa. Ndani, Mama alitandaza shuka la kitandani kwetu, la bluu. Watoto wanane wakalishika pande zote, mpira ukawekwa katikati. Kazi ilikuwa kuupeleka kutoka ukuta wa mlangoni hadi ukuta wa mwisho bila kuuangusha. Binti wa muuza nyama alikuwa kwenye pembe. Mwalimu aliposema haya, yule binti akavuta kwa nguvu kuelekea kwake na kukimbia. Mpira ukaanguka. Wakaanza tena, akavuta tena. Mara ya tatu akalia, akasema hawa wengine ni wazito. Mwalimu hakumfokea. Alimuuliza tu, yule wa pembe ile anatembeaje, mtazame. Wakaanza tena, ukaanguka.  Mimi nilikuwa nimeshika nondo za dirisha hadi vidole vikaniuma.

Mara ya sita nilimwona yule binti anageuza kichwa. Alimtazama mtoto wa pembe ya pili, mdogo kuliko yeye, mwenye hatua fupi. Akapunguza hatua zake. Shuka likakaa sawa. Walikwenda hivyo chumba kizima, watoto wanane wanatazamana badala ya kutazama mpira, mpaka mgongo wa aliyetangulia ukagusa ukuta. Kelele zilizopigwa dirishani siwezi kuziandika, na yangu ilikuwa kubwa kuliko zote. Muuza nyama peke yake hakupiga. Alikuwa anafuta macho kwa kiganja.

"Nyumbani hana wa kumsubiri," alisema.

Mwalimu alitoka mlangoni, akawaambia watu kwamba vizibo wanaweza kupanga kwao na ataendelea kuwatumia kazi, lakini hili alilolifanya mtoto sasa hivi simu haiwezi.  Mwenyekiti hakumtaja.

Ijumaa asubuhi niliamka mapema kuliko siku ya harusi yangu. Tulipofika darasani, foleni ilikuwa imeshapinda kona ya jengo. Muuza nyama alikuwa wa kwanza, amevaa shati la kutokea. Mwalimu alitoa meza nje, akafungua daftari, akaanza kuandika. Mimi nilikuwa nyuma yake nahesabu kwa sauti hadi Mama akanikanya. Tulifika ishirini kabla jua halijapanda, nikamkumbatia Mama, nikamkumbatia Seremala, ambaye alikuja tu kushuhudia. Ishirini na tano. Thelathini. Na kwenye thelathini Mwalimu akafunga daftari.

Nilidhani anapumzika. Nikamtazama, kumbe analia. Foleni bado ilikuwa na watoto kumi na watatu. Alisimama akawaambia wazazi kwamba mabenchi yanachukua thelathini, na zaidi ya hapo atakuwa anawachunga, hatakuwa anawafundisha, na hilo hawezi kuwafanyia watoto wao. Miaka mingapi alikuwa anatamani foleni hii, na sasa ilibidi airudishe. Mama mmoja aliyekuwa na mapacha aligeuka, akaanza kuondoka. Sijawahi kuona furaha inageuka haraka kiasi hicho.

Wa mwisho kabisa kwenye foleni alikuwa Mwenyekiti. Hatukumwona hadi watu waliposogea. Alikuwa amemshika mkono mjukuu wake, mtoto mdogo wa kiume mwenye viatu vilivyong'arishwa. Alisogea hadi mezani na kusema kwa sauti ya kiofisi kwamba amekuja kumwandikisha.

"Nafasi zimekwisha, Mwenyekiti," Mwalimu alisema.

"Mimi nilisema ishirini."

"Ulisema. Nimepata thelathini. Chumba kimejaa."

Mtu yeyote angeifurahia ile dakika, na mimi niliifurahia, nakiri. Mwalimu hakuifurahia. Alikuwa anamtazama yule mtoto. Mwenyekiti akageuka, akaitazama foleni, mmoja mmoja, mpaka kwa yule mama wa mapacha aliyekuwa amesimama kona.  Kisha akauliza inahitajika nini ili hawa nao waingie. Mwalimu akamjibu kwamba kinahitajika chumba cha pili na mtu mzima mmoja zaidi, na mtu mzima anaye. Niligeuka nyuma kumtafuta huyo mtu mzima. Hakukuwa na mtu nyuma yangu. Mama alikuwa ananitazama anacheka.

Mwenyekiti aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa ofisi ya kamati, ile iliyopakana na darasa, akauweka juu ya daftari. Alisema viti wanavyo, kamati itakaa nje. Yule mama wa mapacha aliitwa, akarudi mbio.

Mwalimu alifuta uso kwa upindo wa mtandio, akakaa, akafungua daftari. Waliandikwa wote kumi na wawili kwa zamu zao, na Mwenyekiti akasubiri zamu yake kama wengine. Alipofika, Mwalimu akamuuliza mtoto ana miaka mingapi.

"Minne," alisema Mwenyekiti, bila kufikiri.

"Mitano," alisema mtoto. "Babu, nilikuambia. Ulikuwa unaandika kwenye simu."

Kalamu ya Mwalimu ilikuwa imeshagusa karatasi. Akaisimamisha, akamngoja mzee. Mwenyekiti aliinama, polepole, magoti yake yakalia, mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto. Alimtazama kama mtu anayemwona mara ya kwanza.

"Andika mitano, Mwalimu," alisema. "Mwenyewe ndiye anayejua."